Nusu ya Shilingi

Kwa mara ya nne tangu Jumatatu, Sajini Lusubilo Mwakyoma alihesabu vichwa vya watoto wa Shule ya Itumbwe, na kwa mara ya nne akapata arobaini na moja. Alianzia kulia, akaanzia kushoto, kisha akawatoa wote nje na kuwaingiza mmoja mmoja kama ng'ombe wanaopelekwa kwenye josho. Arobaini na moja. Daftari la mahudhurio nalo lilisema arobaini na moja. Mtu mwenye akili timamu angemshukuru Mungu, akapanda baiskeli na kuwahi lori la Mbeya pale Tunduma. Lakini Sajini alikuwa na barua mfukoni, na barua hiyo ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliitoa tena, ingawa alikwisha kuisoma mara tisa. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, haina jina wala sahihi, na ilitumbukizwa katika mfuko wa posta dukani Tunduma mwanzoni mwa Mei. Ilisema hivi:

"Kwa Bwana Shauri. Katika Shule ya Itumbwe wamo watoto walioandikwa lakini hawamo. Ada ni shilingi tatu na peni sita na imelipwa. Baraza nalo linatoa fedha zake. Njooni mhesabu wenyewe. Wasipopatikana, watafuteni."

Bwana Shauri, afisa wa wilaya pale Mbeya, alipoisoma alipiga meza. Tangu 1950 Baraza la Wenyeji lilikuwa limepitisha kwamba shule yoyote yenye watoto arobaini au zaidi wa walipa kodi italipiwa mwalimu, na mwaka ule wa 1952 liliongeza mabati ya kuezekea. Ikipungua arobaini, inafungwa, na fungu lake linakwenda kwingine. Baraza lilikuwa linakutana Ijumaa kugawa fedha. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa Sajini alitakiwa kusema jambo moja tu: Itumbwe ina watoto au ina majina matupu? Kama ni majina matupu, shule inafutwa na Mwalimu Ezron anakwenda mahakamani.

"Bwana Sajini," alisema Karani Jairo, "kazi zimenilalia mezani."

Jairo alikuwa karani wa Baraza, mtu mwembamba wa makamo, aliyepewa kazi ya kumsindikiza Sajini na hakuificha chuki yake kwa kazi hiyo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya darasa, akifuta vumbi la viatu vyake kwa jani la mgomba.

"Watoto wapo. Barua ni ya uongo. Funga jalada twende zetu."

"Barua inasema hawamo."

"Na macho yako yanasemaje?"

"Macho yangu ndiyo yaliyoniambia juzi kwamba baiskeli ya Baraza lenu ina breki," alisema Sajini, akaikunja suruali yake kuonyesha goti lake lililochubuka.

Jairo akarudi kwenye viatu. Sajini akamtazama kwa kitambo. Tangu jana alikuwa na shaka naye, na shaka hiyo haikuwa ya bure. Jairo kwao ni Chapwa. Wazee wa Chapwa walikuwa wameomba shule miaka miwili mfululizo wakajibiwa kwamba fedha hakuna. Sasa Itumbwe ikifa, fedha zingepatikana. Hata mtoto mdogo angeona nani wa kufaidi.

"Karani, barua hii umeiandika wewe."

Jairo aliacha kufuta kiatu. "Kwa penseli?"

"Kwa penseli."

"Bwana Sajini, mimi nina mashine ya chapa. Nikitaka kumshtaki mtu ninampigia chapa, nakala tatu, na jina langu naliweka chini ili ajue ni nani aliyemshtaki. Penseli!" Alisimama, akaketi tena. Ilionekana wazi kwamba kuitwa mchongezi hakukumuuma hata kidogo, ila ile penseli ndiyo iliyomchoma.

Sajini alimwamini, na kumwamini kulimuudhi, maana sasa hakubaki na mtu wa kumshuku. Alikuwa amemtuma Mwalimu Ezron kwenda kumwita jumbe wa kijiji aje na orodha yake ya walipa kodi, na mwalimu alikuwa amekwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Darasani watoto walianza kusukumana juu ya magogo yao. Jengo lenyewe lilikuwa la udongo na paa la nyasi, na nyasi hizo zilikuwa zimekwisha kuoza upande wa mashariki kiasi kwamba jua liliingia na kumpiga Sajini jichoni popote aliposimama. Aliingia awanyamazishe. Hakuwa na la kuwaambia, basi akawauliza hesabu ya kwanza iliyomjia, kwa sauti ya hasira zaidi kuliko ya kufundisha.

"Haya! Nina shilingi moja. Nimeingia dukani, nimenunua chumvi kwa nusu yake. Nimebaki na ngapi? Haraka!"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, na majibu yakagongana.

"Senti hamsini!"

"Peni sita!"

Sajini alisimama wima. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni. Shilingi tatu na peni sita. Mara tisa ameisoma barua ile, mara tisa! Na mara zote tisa jicho lake lilipita juu ya neno lile kama kuku anavyopita juu ya lulu. Ada ya shule za Baraza ilikuwa shilingi tatu na senti hamsini. Mtu wa Mbozi, wa Mpemba, wa Tunduma yenyewe, angeandika tatu na senti hamsini, au tatu na sumni. Peni zilikuwa ng'ambo. Ukivuka kijito kilichokuwa nyuma ya shule na kutembea kidogo tu, umeingia Rodesia ya Kaskazini, na huko shilingi haina senti mia ndani yake, ina peni kumi na mbili.

"Rudieni," alisema polepole.

"Senti hamsini," walisema wote, kwa adabu kabisa. Baadhi walikuwa wameziba midomo kwa viganja.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo akishashtuka huirefusha. Sajini alijua hesabu ile haitafaa tena. Akamwita Jairo, akatoka na watoto nje, akawa anawaita mmoja mmoja nyuma ya jengo na kuuliza swali ambalo hakuna mwalimu anayelifundisha.

"Mama yako akiuza mafungu mawili ya karanga, anapewa ngapi?"

"Senti ishirini."

"Mwingine. Mama yako?"

"Peni mbili, bwana. Siku nyingine tatu."

Mtoto anaweza kusomeshwa hesabu za Serikali yoyote, lakini bei ya karanga za mama yake anaijua kama anavyoijua njia ya nyumbani. Watatu walitaja zote mbili, kwa sababu mama zao huuza pande zote, ikabidi waulizwe baba zao hulipa kodi wapi, na hao wakaonekana kuwa wa huku. Jairo alichora ukutani kwa mkaa, mistari upande huu na mistari upande ule. Walipomaliza, upande wa senti ulikuwa na ishirini na nane. Upande wa peni ulikuwa na kumi na tatu.

"Kumi na tatu!" alisema Jairo, na safari hii alivisahau viatu vyake. "Na wote wameitikia majina ya watoto wetu."

Mwalimu Ezron alikuwa akija kutoka kijijini na Jumbe Isaka. Alipoiona ile mistari ukutani alisimama palepale. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, koti lake limetoboka viwiko vyote viwili. Jumbe Isaka, mzee mnene mwenye kofia nyekundu, yeye aliendelea kutembea mpaka akaketi kwenye jiwe la Jairo, akaweka orodha yake ya kodi magotini, akapumua.

"Mwapoleni, mukwai," alisalimu jumbe. "Nimeambiwa mmepoteza watoto."

"Hatujapoteza," alisema Sajini. "Tumepata waliozidi. Mzee Isaka, katika daftari hili kuna Ruti Isaka. Ni binti yako?"

"Wa kwangu mimi."

"Aliyeitikia jina hilo asubuhi hii ni binti yako?"

"Wa kwangu pia."

"Mama yake anauza karanga kwa peni!"

"Mama yake ni mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu alijenga ng'ambo ya kijito kabla sijaota ndevu. Wazungu wakaja na kamba zao wakapitisha mpaka katikati ya shamba letu, hatukuwaita. Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Au kwenu Rungwe si hivyo?"

Kwao Rungwe ilikuwa hivyohivyo, na Sajini aliona ni bora kutolijibu swali hilo. "Ana jina lake. Kwa nini ameandikwa kwa jina la mwingine?"

Jumbe alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni namna ya kula ugali. "Baraza lilisemaje? Lilisema kila nyumba iliyolipa kodi ilete mtoto mmoja shuleni. Mwaka ule tulipochimba barabara ya Mpemba, karani huyuhuyu alisimama akaita, 'Nyumba ya Isaka!' Mgongo ulikuwa unaniuma, nikamtuma mpwa wangu. Jairo, uliandika nini?"

Jairo alikohoa. "Niliandika nyumba ya Isaka imekuja."

"Basi. Nyumba imeitwa, nyumba imeleta mtu. Ruti wangu alikuwa anatakiwa nyumbani, ulezi una ndege, mama yake ana mtoto mchanga. Tukamleta mwingine. Nyumba zote kumi na tatu tumefanya hivyo. Tumeiba nini?"

Mwizi wa ng'ombe unamkuta na ng'ombe. Mghushi wa hati unamkuta na wino vidoleni. Lakini hapa alikuwa na kijiji kizima kilichovunja sheria huku kikiamini kimeitii, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na soni ya kuinamisha kichwa, isipokuwa mwalimu.

"Mwalimu, wewe ulijua."

"Nilijua," alisema Ezron. "Nilianza na watoto ishirini na wanane. Baraza likasema arobaini. Wa huku wana nafasi na hawataki kutoa watoto. Wa ng'ambo wanataka na hawana shule ya karibu. Nikawa na majina yasiyo na watoto, na watoto wasio na majina. Nikayaunganisha."

"Ukawadanganya walipa kodi."

"Sikumeza hata senti, Bwana Sajini. Wanasoma kweli. Waulize lolote."

"Nimewauliza!" alifoka Sajini. "Nimewauliza nusu ya shilingi!"

Mwalimu alikaa chini, palepale vumbini, koti na yote. "Ukiandika kumi na watatu wapungue, tunabaki ishirini na wanane," alisema. "Hapo hata hao ishirini na wanane, ambao hawana kosa, hawatakuwa na shule. Shule nyingine iliyo karibu iko maili kumi na moja. Mimi nifungeni, sawa. Lakini hao?"

Sajini alirudi kwenye barua, maana barua ilikuwa bado na swali lake. Aliyeiandika anahesabu kwa peni, basi ni wa ng'ambo. Anajua ada ya Itumbwe, anajua walioandikwa si waliopo, na anajua kuandika Kiswahili. Ni mmoja wa wale kumi na watatu. Lakini hilo lilikuwa jambo la kichaa. Mtoto gani anapeleka habari polisi ili afukuzwe yeye mwenyewe?

Akaomba karatasi na penseli kumi na tatu. Penseli zilikuwa nne, basi wakaandika kwa zamu, na Sajini akawa anarudia imla yake ileile mpaka sauti ikamkauka: "Ng'ombe wa mfalme hawakupatikana. Watafuteni wote." Alipokusanya karatasi hakuhitaji miwani. Katika barua, kila herufi ya k ilikuwa imerusha mguu wake mbali nje, kama mtu anayepiga mpira. Karatasi moja tu ilikuwa na k za namna hiyo. Juu yake paliandikwa Ruti Isaka.

Msichana mwenyewe alikuwa uwanjani, amewapa mgongo. "Ruti!" aliita Sajini. Hakugeuka. "Ruti Isaka!" Mwenzake akamgusa bega, ndipo akashtuka na kuja mbio, akapiga goti kusalimu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, mrefu, mwenye macho ya kutulia.

"Jina lako hasa ni nani?"

Alimtazama mwalimu kwanza. Mwalimu akamwashiria kwa kichwa aseme.

"Marita."

"Marita, barua hii ni ya mkono wako."

"Ndiyo, bwana."

Hakuna kitu kinachomchosha mpelelezi kama kukiri kwa haraka namna hiyo. Sajini alikuwa ameandaa maswali saba, na yote saba yakawa hayana kazi. "Umeelewa ulichofanya? Umekata tawi ulilolikalia. Wewe ndiye mtu wa kwanza kutolewa humu!"

"Niliandika alivyosema."

"Aliyesema nani?"

"Ruti."

"Ruti ni wewe!"

"Ruti mwenyewe," alisema Marita, akanyoosha mkono kuelekea mashamba ya ulezi.

Walikwenda wawili, Marita mbele na Sajini nyuma, Jairo akabaki kuvilinda viatu vyake na tope la kijito. Ulezi ulikuwa umeiva na ndege walikuwa wameshuka juu yake kwa mamia. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, na juu yake msichana mdogo kuliko Marita, mwenye kombeo mkononi na rundo la madonge ya udongo miguuni. Alirusha donge, ndege wakaruka, wakatua mbele kidogo.

"Shikamoo," alisema kutoka juu, bila kuliacha shamba kwa macho.

"Marahaba. Wewe ndiye Ruti Isaka?"

"Ndimi."

"Umemwandikisha mwenzio barua ya kwenda kwa Bwana Shauri."

"Ndiyo. Nimengoja mpaka nikadhani imepotea."

Sajini alishika nguzo ya dungu. "Kwa nini uliituma?"

"Januari nilitoroka nikaenda shuleni. Mwalimu akaita majina. Akaita Ruti Isaka, Marita akasema nipo. Kisha mwalimu akaniona mlangoni akanifuata, akaniambia taratibu nirudi nyumbani, nafasi ya nyumba yetu ina mtu." Alirusha donge lingine. "Jina langu liko darasa la tatu. Mwaka jana lilifaulu. Marita ameniletea karatasi nikaliona. Lakini sijui kulisoma, yeye ndiye aliyenionyesha ni lipi."

"Ukakasirika, ukamshtaki mwalimu."

Hapo Ruti aliacha ndege. Alichungulia chini kwa mshangao. "Sikumshtaki mtu. Ng'ombe wa baba wakihesabiwa jioni akikosekana mmoja, tunakwenda kumtafuta mpaka tumpate. Nilijua Serikali ikihesabu itaona sipo."

Wasipopatikana, watafuteni. Sajini alikuwa ameyasoma maneno yale kama mtu anayedai wahalifu wasakwe. Bwana Shauri naye aliyasoma hivyo akapiga meza. Hakuna hata mmoja, pale boma zima la Mbeya, aliyesikia kwamba hapo palikuwa na mtoto anayeomba atafutwe yeye. Sajini aliona haya, na kwa kuwa hakuzoea kuona haya kazini, ikatoka kama ukali.

"Na huyu mwenzio je? Hamkufikiri kwamba wewe ukiingia yeye anatoka?"

Wasichana wakatazamana, mmoja juu mmoja chini.

"Tulifikiri tutakuwa wawili," alisema Marita. "Arobaini na mbili."

Sajini alirudi shuleni. Alimkuta jumbe bado amekaa na orodha yake magotini, na mwalimu bado vumbini. Alisimama mbele yao, akasema maneno yake yote kwa pumzi moja, kwa sababu alijua akipumzika mtu ataanza tena habari za barabara ya Mpemba.

"Mzee Isaka, sikiliza. Leo ni Jumatano. Kesho saa mbili asubuhi nitaita majina, na kila jina litaitikiwa na mwenye jina. Si mpwa, si mtoto wa mdogo. Mwenye jina. Shule si barabara, aliyetumwa hachimbi kwa ajili ya aliyebaki. Nikipata arobaini na moja, nitaandika arobaini na moja, na mabati mtapata. Nikikosa hata wawili, nitaandika yote niliyoyaona, na mwalimu wako ninaondoka naye. Na wale kumi na watatu wapya wataanza darasa la kwanza, Mwalimu, hata kama daftari lako linawaita wasomi."

"Na ndege?" aliuliza jumbe.

"Ndege wako, mzee, wala si wa polisi."

Ezron alikuwa amenyanyuka. "Bwana Sajini, na wa ng'ambo? Marita ni wa kwanza darasani. Ukiwaacha wakae nyuma tu, kwenye sakafu, bila kuandikwa..."

"Baraza likishatoa fedha linatuma watu kuhesabu vichwa. Wakikuta vya ziada watauliza ni vya nani, na tutarudi tulipoanzia. Fedha ni za walipa kodi wa huku, hiyo ni sheria ya Baraza."

"Lakini wewe unaweza kuliambia Baraza."

"Mimi ni polisi," alisema Sajini. "Si Baraza."

Asubuhi ya Alhamisi baridi ilikuwa kali na upepo wa Tunduma ulipiga nyasi za paa. Jumbe Isaka alikuwa amekesha akigonga milango, na ilionekana wazi, maana macho yake yalikuwa mekundu kama kofia yake. Watoto walikuja. Wengine walikuja wakilia, wengine wamevaa nguo za kaka zao, mmoja amebeba mdogo wake mgongoni kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Nje, chini ya dirisha, walisimama wale kumi na watatu wa ng'ambo. Hakuna aliyewaita. Walikuja tu kwa sababu ilikuwa saa ya shule.

Sajini alishika daftari mwenyewe. Aliita, wakaitikia. Ishirini na wanane wa siku zote hawakumpa taabu. Wapya ilibidi waambiwe kila mmoja asimame, aseme nipo, aketi. Jairo alikuwa akihesabu kwa vidole pembeni, midomo ikimchezacheza, na alipofika thelathini na tisa alianza kutabasamu bila kutaka.

"Ruti Isaka."

Kimya.

Alikuwapo. Alikuwa kwenye gogo la mbele kabisa, miguu yake imepauka kwa vumbi la shamba, mikono ameikaza magotini. Alilisikia jina lake likiitwa darasani kama alivyolisikia Januari, na kama Januari, akangoja mtu alijibu. Miaka miwili jina hilo lilikuwa na wa kuliitikia, wala hakuwa yeye.

"Ruti Isaka!" Sajini aliita tena. Mwalimu Ezron alifumba macho.

"Yupo," ilisema sauti kutoka dirishani. Ilikuwa ya Marita. "Ruti, sema nipo."

"Nipo," alisema Ruti.

Sajini alitia alama. Akaita lililobaki, akafunga daftari, akaandika taarifa yake palepale juu ya meza ya mwalimu: majina arobaini na moja, wenyewe arobaini na moja, malalamiko hayakuthibitika. Jairo akaipiga muhuri kwa furaha ya mtu anayerudi mezani kwake. Jumbe alitoa shukrani ndefu. Mwalimu Ezron alimshika Sajini mkono kwa mikono yake yote miwili, na alipogeuka dirishani hapakuwa na mtu.

Njia ya kwenda Tunduma ilipita kando ya shamba la jumbe. Sajini aliendesha taratibu, mguu mmoja ukiburuta chini badala ya breki. Nyumba ya Isaka ilikuwa imeitwa na shule na ikaitwa na ndege, na kama ilivyo desturi yake ilikuwa imetuma mtu kila mahali. Juu ya dungu alikuwa Marita, amesimama, kombeo mkononi.

"Bwana Sajini!" aliita.

Sajini alisimamisha baiskeli.

"Nusu ya shilingi ni senti hamsini!" alipaza sauti Marita. "Na robo yake ishirini na tano! Nilikuwa najua, uliuliza haraka mno!"

Siku nne Sajini Lusubilo alikuwa amemkasirikia kila mtu: Bwana Shauri, karani, jumbe, mwalimu, hata baiskeli. Sasa alitafuta wa kumkasirikia pale njiani akajikuta yuko peke yake na taarifa yenye muhuri mfukoni. Alifungua mdomo amjibu "sahihi", kama mwalimu anavyosema. Neno lilipotoka, Marita alikwisha kugeuka, anawarushia ndege udongo.